Kisa cha Waya wa Gia Kasumulu: Fundi Kachafuliwa, Kosa ni la Staa

Wiki ya pili sasa watu wanamnanga fundi mmoja wa baiskeli pale Kasumulu, na wengi wanaomnanga hawajawahi kufika Kasumulu wala kushika bisibisi. Klipu yenyewe ina sekunde 40. Anaonekana jamaa mmoja maarufu wa mambo ya mazoezi na safari (jina kapuni, ila mwenye bando anamjua) kakaa pembeni ya barabara, jasho linamtiririka, baiskeli imelala kwenye majani, mkononi kashika kipande cha waya kilichochanika kama ufagio. Anasema mafundi wa mpakani wamemharibia safari. Halafu inaingia picha ya mzee wa watu kainama anafunga waya, uso wote unaonekana, na maandishi mekundu juu yake: "Kaeni mbali na huyu."

Komenti zikafunguka. Mara fundi uchwara, mara mwizi wa spea, mara "ndiyo maana huko mikoani hamuendelei." Kuna binti mmoja wa mjini, naye ana wafuasi wake wengi tu, akaidaka ile klipu akaicheza upya kwa vichekesho, akaigiza mzee anafunga gia kwa kamba ya katani. Watu wakacheka mpaka basi.

Mzee mwenyewe hana akaunti. Simu yake ni kitochi. Anafanyia kazi chini ya mwembe, hatua chache kutoka barabara inayokwenda kwenye geti la mpaka, na wateja wake wa kila siku ni wale vijana wa baiskeli za kubeba abiria, Phoenix zenye keria pana, zinazopeleka watu na mizigo mpaka karibu na daraja la Mto Songwe. Ng'ambo ya daraja ni Malawi, na huko baiskeli hizo wanaziita kabaza. Alijua kwamba amekuwa maarufu pale vijana wawili walipoleta baiskeli za gia, wakamtazama usoni, wakatazamana, wakageuza. Mteja wa tatu ndiye aliyemwonesha klipu. Mzee kaitazama yote bila kusema kitu, kisha kauliza: "Sasa mbona ile niliyomwambia haipo?"

Hapo ndipo stori inapoanza, kwa sababu ile aliyomwambia ipo.

Siku moja kabla ya ile klipu, jamaa alikwenda laivu akiwa pale pale chini ya mwembe. Laivu ndefu, waliokuwepo wachache, ilikuwa saa za kazi. Baadaye akaifuta, lakini mtandaoni hakuna kinachofutika, yupo mtu aliirekodi skrini, na kipande kimezunguka kwenye magrupu ya waendesha baiskeli wa Mbeya. Muziki unapigwa kwa sauti, ila ukisikiliza kwa spika za masikioni unamsikia mzee vizuri kabisa.

"Kijana wangu, hili kava ulilokuja nalo ni la breki. Na huu waya wa ndani umeanza kuchanika hapa kichwani. Tuutoe wote."

"Mzee wangu, wewe funga tu. Waya unang'aa huo! Na kava nimenunua Dar, original, angalia linavyoendana na fremu."

"Haya."

Kava ni la bluu. Fremu nayo ni ya bluu. Ishu nzima ilikuwa hiyo.

Sasa kwa wale ambao baiskeli wanaiona kwenye picha tu, ni vizuri kuelewa kwa nini maneno mawili ya yule mzee yana uzito kuliko klipu yote. Waya wa gia ni vitu viwili. Kuna waya wa ndani, nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa pamoja, wenye kichwa kidogo upande mmoja kinachokaa ndani ya lile limbwata la kubadilishia gia pale kwenye usukani. Halafu kuna kava la nje ambalo waya unapita ndani yake. Ukibonyeza gia, waya unavutwa, kava linakataa kusogea, na tofauti hiyo ndiyo inayousukuma ule mkono wa nyuma unaohamisha mnyororo kutoka gurudumu moja la meno kwenda lingine. Kazi nzima inategemea kava lisikubali kubonyea. Likibonyea hata kidogo, umeumia.

Zamani haikuwa hivyo. Mwendeshaji alikuwa anasogeza kishikio taratibu, anasikiliza mnyororo kwa sikio mpaka unakaa. Mwaka 1984 Shimano wa Japani wakaleta mfumo wa SIS, ule wa kubonyeza "kliki" moja na gia inahama moja. Raha sana, lakini raha ina masharti: kwenye baiskeli za gia saba au nane za nyuma, kliki moja inavuta waya chini ya milimita 3. Milimita 3! Hiyo ni nafasi ya punje ya mchele wa Kyela ikilala ubavu. Kava likijikunja nusu ya hapo, mnyororo hautajua ukae wapi.

Na kava la breki limetengenezwa ili liweze kukunjika. Ukilikata utaona ndani yake kuna bapa la chuma lililozungushwa kama springi. Kwa breki ni sawa, maana breki inataka nguvu, haina habari na milimita. Kava la gia ndani yake lina nyuzi nyingi za chuma zilizonyooka, zimelala sambamba kuzunguka kimrija cha plastiki, ndiyo maana halibonyei. Kwa nje yote mawili ni plastiki tu. La breki kwa kawaida lina unene wa milimita 5, la gia milimita 4, na hiyo tofauti ya milimita moja ndiyo aliyoiona mzee kwa macho yake, bila miwani, wakati staa anatafuta angle ya kamera.

Kinyume chake ni kibaya zaidi, na hiki inabidi kisemwe kwa sauti. Ukichukua kava la gia ukaliweka kwenye breki, zile nyuzi zilizonyooka zimeshikwa na plastiki tu. Siku unateremka kwa kasi ukakamata breki kwa nguvu zote, kava linaweza kupasuka na breki ikabaki mkononi. Mtu anayeshuka kutoka Tukuyu kuja Kyela, barabara inajikunja, upande huu migomba, upande huu lori la makaa ya mawe, hiyo siyo sehemu ya kujifunzia tofauti ya makava.

Turudi kwa waya wa ndani, maana huo ndio uliokatika. Jamaa anasema ulikuwa unang'aa. Kweli, katikati ulikuwa unang'aa. Waya wa gia mara nyingi haukatikii katikati, unakatikia pale kichwani, ndani ya limbwata, kwa sababu hapo ndipo unapojikunja kila unapobadilisha gia. Unakatika uzi mmoja, halafu wa pili, halafu wa tano. Dalili zipo: gia inakuwa nzito, au inakataa kupanda kwenye gurudumu kubwa, au ukichomoa waya unakuta vinyuzi vimesimama kama ndevu. Mzee alichomoa, akaona ndevu, akasema. Ukiona uzi mmoja umekatika hauna cha kusubiri, toa.

Kilichofuata hakihitaji mpelelezi. Kava jipya la breki likawa linabonyea, gia zikawa zinaruka, jamaa akawa anabonyeza mara mbili mbili ili kulazimisha, na kila kulazimisha kunakata uzi mwingine pale kichwani. Asubuhi yake akaanza kupanda kurudi Tukuyu. Ziwa Nyasa liko chini kidogo ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, Tukuyu iko juu ya mita 1,500. Yaani unapanda kilomita nzima kwenda mbinguni, na unapanda kwa gia nyepesi, ambazo ndizo zinazouvuta waya kwa nguvu zaidi. Waya ukasema inatosha.

Na ukikatika wa nyuma, springi inauachia mkono, mnyororo unashuka wenyewe kwenye gurudumu dogo kuliko yote, ile gia nzito ya kukimbizia tambarare. Kwenye kilima cha Rungwe hiyo ni hukumu. Ndiyo maana anaonekana kakaa kwenye majani. Aliishia kupakia baiskeli juu ya Hiace, na hilo kwenye klipu halipo.

Angejua kidogo tu asingekaa kwenye majani. Pale nyuma kuna viskrubu viwili vidogo vinavyozuia mnyororo usipitilize kila upande. Ukikaza kile cha upande wa gurudumu dogo, unaweza kuusukuma mnyororo ukae gurudumu la pili au la tatu, ukapumua. Au unafunga kipande cha waya kilichobaki kwenye boliti ya chupa ya maji huku mkono umevutwa mahali unapotaka, unapata gia moja ya kukufikisha. Vijana wanaofanya safari ndefu wanayajua haya. Msafara wa Tour d'Afrique, ule unaotoka Cairo mpaka Cape Town tangu mwaka 2003, umekuwa ukipitia Mbeya ukielekea Malawi, na wale wanabeba waya wa akiba kama mtu anavyobeba mswaki.

Lakini tusimwonee staa peke yake. Kuna aliyemuuzia lile kava.

Madukani Dar, na hata Mwanjelwa pale Mbeya, kuna seti zinauzwa zikiwa kwenye pakiti ya plastiki, za rangi zote, nyekundu, bluu, ile ya kijani inayowaka. Pakiti inasema ni ya baiskeli ya milimani. Ndani kuna kava la aina moja kwa kila kitu na waya wenye vichwa viwili, kimoja kikubwa cha breki upande huu, kimoja kidogo cha gia upande ule, ukate usichokitaka. Waya wa namna hiyo siyo dhambi, unaweza kukufikisha. Shida ni kava, na shida kubwa zaidi ni muuzaji anayejibu "hiyo inaingia popote." Inaingia, ndiyo. Kuingia na kufanya kazi ni mambo mawili.

Mtu akifika dukani kuna maswali machache tu ya kumbana muuzaji, na hayahitaji Kiingereza. La kwanza, hili kava ni la gia au la breki? Asipojua, angalia ncha iliyokatwa: ukiona springi, la breki, ukiona vinukta vya nyuzi vimezunguka tundu, la gia. La pili, unene wa waya wa ndani. Wa gia ni milimita 1.1 au 1.2, wa breki ni 1.5 au 1.6. Usikubali hadithi za kusaga kichwa cha waya wa breki kwa tupa ili kiingie kwenye gia. Kitaingia, kisha waya mnene utasugua ndani ya kava kila siku mpaka utachukia baiskeli. Wa nyuma nunua mrefu, mita mbili na kidogo, maana mrefu unakatwa, mfupi hauungwi.

Halafu kuna suala la chuma chenyewe, na hapa ndipo Kasumulu inatofautiana na barabara za lami za Masaki.

Kyela mvua siyo mchezo. Ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa unapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kuanzia Machi mpaka Mei inanyesha kama kuna mtu kasahau kufunga bomba. Ndiyo inayotupa ule mchele na ile kakao. Ndiyo hiyo hiyo inayoingia kwenye kava la waya, inakaa, inaoza. Waya wa bei ya chini kabisa ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki. Zinki ikisuguliwa ikaisha, kutu inaanza, na kutu ndani ya kava huioni mpaka gia igome. Waya wa stenlesi unavumilia zaidi. Kupima kwa sumaku kusikudanganye, maana stenlesi ikishavutwa kuwa uzi mwembamba nayo hushika sumaku kidogo. Bora uangalie pakiti, au umuulize fundi anayezifunga kila siku, yeye ameona ipi inarudi na kutu baada ya masika moja.

Zipo pia zile zilizopakwa utando wa plastiki laini, zinateleza vizuri sana zikiwa mpya, bei nayo imesimama. Kuna jamaa mwingine wa Insta, wa mambo ya vifaa, anazisifia kila wiki, na haisemwi kama analipwa au vipi. Kwa Dar kavu sawa. Kwa tope la barabara za ndani, kuelekea Ipinda na Matema, utando ukianza kumenyeka unajikusanya ndani ya kava kama ukoko wa ugali, na gia inakuwa nzito kuliko ya waya wa kawaida. Stenlesi ya kawaida, isiyo na utando, na kava zuri la gia, hapo hela imekaa mahali pake. Ikibidi kubana, bana kwenye waya, usibane kwenye kava. Watu wengi wanafanya kinyume kwa sababu waya ndio unaoonekana kukatika.

Wapo watakaosema sasa hivi kuna gia zisizo na waya kabisa. Kweli, SRAM walileta za milimani mwaka 2019, zinahama kwa mawimbi kama rimoti ya tivii. Safi sana. Zikigoma Kasumulu saa kumi na mbili jioni, fundi gani atazigusa, na betri yake utaikuta kwa nani? Waya wa ndani wa kawaida haufiki bei ya chipsi mayai ya mjini, na unafungwa na mtu mwenye plaizi.

Kwenye komenti kuna mtu aliandika jambo lililopendwa na wengi: Kyela ni tambarare, gia za nini, wazee wanaendesha Phoenix miaka yote bila gia. Ni kweli Kyela mjini mpaka Kasumulu unateleza tu. Ila huyo mwandishi hajawahi kupanda kuelekea Ushirika na Tukuyu, wala kusukuma baiskeli kwenye mchanga wa karibu na ziwa. Vijana wanaojaribu kwenda na kurudi siku moja wanazihitaji gia zote.

Yupo dada mmoja, kazi yake ni ya uwakala wa forodha pale mpakani, huyu ndiye mteja aliyemwonesha mzee ile klipu. Baiskeli yake ni mtumba, ya gia, rangi imechubuka, hakuna mtu ataiposti. Anatoka nayo upande wa Kyela mjini kila asubuhi, mvua isimame isisimame. Kila mwaka kabla ya masika anampelekea mzee, wanatoa waya na kava vyote viwili kwa pamoja, hata kama vinaonekana vizima. Chini ya tandiko kaufunga waya mmoja wa akiba, umezungushwa kama kambare mkavu. Kwa miaka yote hiyo, anasema, barabarani umemkatikia mara moja, na huo wa akiba ulifungwa ndani ya nusu saa.

Ameeleza pia jinsi mzee anavyofunga, na hii ni elimu ya bure. Analitoa kava la zamani, halitupi, anapima jipya kwa lile la zamani. Kisha anageuza usukani mpaka mwisho kulia na mpaka mwisho kushoto kuona kama kava linavutwa. Likiwa fupi linanyonga, likiwa refu sana linapinda na gia inachelewa. Akikata, hatumii tindo, maana tindo linaponda ncha na kuziba tundu. Anatumia plaizi kali, halafu ncha anaisawazisha kwa tupa, tundu analifungua kwa njiti ya gurudumu iliyochongwa. Anavisha kofia ndogo za chuma kila ncha. Grisi nzito haweki ndani, anasema grisi ni mwaliko wa tope, anadondosha oili kidogo basi. Akimaliza anauvuta waya kwa nguvu mara kadhaa ili kila kitu kikae, anakaza tena, ndipo anamwambia mteja azunguke, arudi kesho kuangaliwa.

"Arudi kesho." Jamaa wetu naye aliambiwa hivyo, ipo kwenye laivu. Akasema kesho ana ratiba.

Je, mzee hana kosa kabisa? Analo, na dada wa forodha mwenyewe alimwambia usoni. Lile "haya" lilikuwa kosa. Fundi akijua kava ni la breki na waya umechanika, na bado akafunga, anakuwa ameweka jina lake kwenye kazi asiyoiamini. Daktari mgonjwa akikataa sindano hamchomi panadoli akamwambia kapona. Ila tuseme ukweli: mteja kaja na kamera, kaja na wapambe wawili, kaja na kiswahili cha Dar cha kumfanya mzee wa miaka sitini na kitu ajione hajui kitu. Na hela ya siku hiyo ilikuwa haijapatikana. Ni wangapi kati ya wanaomtukana wangekataa kazi ya bosi wao kwa sababu bosi kachagua kifaa kibovu? Ofisini wanasema "sawa boss" kila siku, tena kwa imoji ya moto.

Kuna tabia imeota, na huyu staa siye wa kwanza. Mtu anatoka mjini, anafika sehemu, kitu kinamharibikia, basi uso wa mtu wa pale unageuka kontenti. Mama lishe, kondakta, fundi, mlinzi wa geti. Hawana pa kujibia. Ukibishana naye mtandaoni unabishana na mtu mmoja na wafuasi wake wote, na wewe una kitochi. Jamaa akikosea anapoteza asubuhi moja na nauli ya Hiace. Mzee akisingiziwa anapoteza wateja wa gia, ambao ndio wanaolipa zaidi kuliko kuziba pancha za Phoenix.

Halafu ile hoja kwamba "hakutajwa jina." Pale Kasumulu jina la nini? Mwembe unaonekana, kofia inaonekana, uso unaonekana. Hata dereva wa lori kutoka Karonga anamjua.

Tangu kile kipande cha laivu kizunguke, staa kaweka posti moja tu ya maandishi meupe kwenye mandharinyuma meusi, kwamba "kila mtu ajifunze, mapenzi kwa wote." Mapenzi gani? Klipu ya sekunde 40 bado iko juu, imebandikwa ya kwanza kabisa kwenye ukurasa wake, na chini yake kuna tangazo la helmeti. Yule binti wa vichekesho yeye kafuta ya kwake na kaandika kwamba alikosea, hilo apewe. Kinachotakiwa kwa jamaa siyo kwenda Kyela kupiga magoti wala kupeleka mchele. Atoe ile fupi, arudishe ile ndefu, yenye sauti ya mzee, bila muziki. Watu watasikia wenyewe nani alisema nini.

Na lile kava la bluu? Linaonekana kwenye posti zake za juzi bado liko kwenye baiskeli, kafunga waya mpya ndani yake. Kwenye video moja ya Jumapili anapanda kilima kidogo cha kwao mjini, ukitegesha sikio unasikia mnyororo unaruka, tak, tak, tak.

Chini ya mwembe wiki hii imekuwa afadhali. Vijana watatu wa gia wamekuja kutoka Mbeya makusudi baada ya kusikia ile laivu, mmoja na kava jekundu mkononi. Mzee kalishika, kaitazama ncha, kamrudishia.

"Hili siwezi kufunga, mwanangu. La kwangu ni jeusi, halina urembo."

Kijana kakubali, kalipa, kaambiwa arudi kesho yake kuangaliwa. Karudi.

"Ndaga fijo," mzee akamwambia, akamshikia gurudumu la nyuma juu, akaanza kubadilisha gia moja moja.